Nyusi Nilizokuchora kwa Wembe

Feza, binti yangu,

Ni Papa. Papa wa Kalemie, wa ile nyumba inayonuka dawa za foto. Nakuandikia wewe ingawa hujui kusoma, na najua vizuri ni Mama yako atakayekusomea. Atakaa kwenye kiti kifupi, atakunjua karatasi hizi juu ya magoti, na atasoma kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. Ningemwandikia yeye mwenyewe. Nimeanza barua yake mara nne, na mara zote nne nimekwama kwenye jina lake. Basi nimejificha nyuma ya mtoto. Naona haya, lakini afadhali niandike nikiwa nimejificha kuliko kunyamaza mwaka mwingine.

Hapa tuko. Studio ingali kwenye barabara ya kwenda bandarini, watu wangali wanakuja kupiga foto za karte, ile kadi ya chama, na jina langu ni lilelile, Papa Foto. Ziwa limechafuka wiki nzima na ndakala, wale samaki wadogo, hazionekani sokoni. Koko wako, yule mama yangu mzazi, anasumbuliwa na magoti, ila mdomo wake ni mzima kabisa.

Nianze na siku uliyotembea, maana nikianza na mengine nitashindwa kuendelea. Ulikuwa umepita miaka mitatu. Watoto wa rika lako walikuwa wanakimbiza kuku na kutumwa chumvi, wewe ulikuwa bado wa mkekani. Asubuhi hiyo Mama alikuwa amemaliza kukupaka mafuta ya mawese, kwa sababu ngozi yako ilikuwa kavu na yenye vipele vidogo vidogo, mikononi na mashavuni, sawa na ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Mashuka yetu yote yalikuwa ya rangi ya machungwa kwa ajili yako. Ukashika ukuta, ukaachia, ukaenda hatua tano hadi kwenye pipa la maji, ukaanguka kwa matako, ukacheka. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio akidhani tumeletewa mgeni. "Feza ametembea! Feza ametembea!" Nami nilikuwa ndani nafurahi, na papo hapo nikawaza: sasa atakuwa anatoka mpaka mbele, kwenye wateja. Unaona nilivyo? Furaha yangu kwako ilikuwa haimalizi hata dakika bila kuingiliwa na wasiwasi wa macho ya watu.

Maana uso wako, mwanangu, watu walikuwa wanaugeukia. Kichwa kikubwa, paji la uso pana lililobanwa pande zote mbili, macho yaliyokaa mbalimbali na kope zinazoshuka, pua fupi. Nywele zako zilikuwa chache, za kujikunja, zinakatika kabla ya kukua. Nyusi hukuwa nazo. Na nilipokulaza kifuani mwangu nilisikia moyo wako ukipiga na upepo ndani yake, fuu, fuu, hata bila chombo cha daktari. Nikikutazama peke yangu nilikuona mzuri. Mlango wa studio ukilia, nilikuwa nakuambia: "Feza, nenda nyuma." Baada ya muda sikuhitaji kukuambia tena. Mlango ukilia tu, ulikuwa unajiokota mwenyewe na kibakuli chako, unaenda kukaa nyuma ya pazia, unauliza kwa sauti ndogo: "Papa, watu bado?" Hiyo nimeibeba miaka yote.

Lazima nikueleze kazi yangu, ili uelewe nilichokufanyia. Foto ikitoka kwenye mashine, kwanza inakaa kwenye filamu, na kwenye filamu kila kitu kimegeuka. Mtu mweusi ana uso mweupe, nywele nyeupe, meno meusi. Kabla ya kuhamishia kwenye karatasi, mimi nalaza filamu juu ya kioo, nafungua dirisha, na kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano najaza kila shimo la chunusi. Kwa ncha ya wembe nakwangua kidogo pale ninapotaka pawe peusi. Watu wa mji huu wote wamepita chini ya kalamu yangu. "Papa Foto, unitengeneze," wanasema, na mimi nawatengeneza. Sitwayeni fulani, mkubwa wa ofisi ya serikali, alikuja na jicho lililovimba, akatoka kwangu akiwa bwana harusi. Nilijivuna sana kwa kazi hiyo.

Filamu zikishaoshwa zinaanikwa kwenye kamba zikauke. Mama alipokuwa na mimba yako ndiye aliyekuwa ananisaidia kuanika. Nilimwomba mimi. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikamwomba, naye akakubali ingawa miguu yake ilikuwa imevimba.

Ulipozaliwa, Koko alikutazama, akatazama kamba, na maneno yakaanza. "Mwanamuke mwenye mimba anashinda anaangalia watu wa meno meusi, watu bila nyusi, watu wa nywele nyeupe, halafu munashangaa mutoto? Uso ameutoa kule kwenye kamba, njo hivyo." Alianza kusema jikoni, akasema kisimani, mwisho akasema kanisani wakati wa kutoka. Mama hakumjibu. Aliningoja mimi nijibu. Na mimi, Feza, nilisomea foto miaka miwili, najua filamu ni kitu gani, lakini kuna siku nilizitazama zile nyuso kwenye kamba na nikaogopa kwamba pengine Koko ana haki. Nikanyamaza.

Ulipofika miaka sita alikuja daktari mgeni, mwanamke kutoka ng'ambo, kwa miezi michache. Unamkumbuka? Alikupa kile chombo chake cha masikio ukasikiliza tumbo la mbuzi. Alisikiliza moyo wako kwa muda mrefu, akapitisha vidole kwenye ngozi ya mikono yako, akashika kidevu chako akakutazama kutoka mbele na kutoka ubavuni. Sijaona mtu akikutazama hivyo, bila huruma na bila kucheka, kwa hamu tu. Akaniambia kwa Kifaransa na Kiswahili kilichochanganyika: "Moyo, uso, ngozi. Nadhani vinakwenda pamoja. Mwalimu wangu anajua watoto wa namna hii. Wewe ni mpiga foto, sivyo? Bahati nzuri! Unipe foto ya uso, wazi, mwanga mwingi, nimpelekee."

Nikakuketisha kwenye kiti cha wateja kwa mara ya kwanza. Mama alikuvalisha gauni la njano. Ulikuwa unang'aa kwa furaha, unauliza, "Na mimi? Na mimi napigwa?" Nilipiga foto nne. Ya nne uliyumba ukicheka, nikaona imeharibika, na filamu yake ilipooshwa nikaitupa tu kwenye boksi.

Nilipoosha filamu niliona kila kitu, maana mwanga ulikuwa mzuri. Nikafikiri: karatasi hii itavuka ziwa, itapanda ndege, watu wenye koti jeupe watakaa mezani wapitishane, waseme, tazama mtoto wa mpiga foto wa Kalemie. Nikachukua kalamu. Nikajiambia nitapunguza vipele tu, kidogo. Nikajaza vipele vyote. Nikachora nywele kwa wembe juu ya paji ili lionekane fupi. Nikafungua macho yako kwa vitone viwili vya nuru. Mwisho nikakuchora nyusi kwa wembe, unywele mmoja mmoja, nyusi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Mchana kutwa nilifanya kazi hiyo, kwenye filamu zote tatu. Daktari ameomba uso, na mimi nimeketi naufuta. Nilijua ninachofanya, Feza. Naandika hivi ili nisije siku moja nikasema sikujua.

Foto ilipokauka wewe ndiye uliyeiona wa kwanza. Uliishika kwa mikono miwili, ukaigeuza, ukauliza, "Huyu njo nani?" Nikasema ni wewe. Ukacheka sana. "Hapana, Papa. Huyu ni mungine." Ukakimbilia jikoni kumwambia Mama: "Papa ana mutoto mungine!" Mama akacheka pia, akasema basi atuletee tumwone. Mimi nikaziba bahasha haraka kabla hajaja.

Jibu lilichukua miezi. Yule mwalimu aliandika kwamba moyo wa mtoto una mlango mmoja uliobana, na ngozi ni kavu, lakini uso aliouona kwenye foto ni uso wa kawaida, hivyo vitu hivyo haviwezi kuunganishwa. Daktari alikuwa anafunga mizigo yake kuondoka. Alitazama ile barua, akanitazama mimi, akasema: "Ajabu. Ningeapa." Hilo lilikuwa lango la kusema. Nilimsaidia kubeba sanduku.

Nyumbani Koko akapata nguvu. Akaita kikao uwanjani, saa nne asubuhi, Papa wadogo zako wawili na wake zao na kila jirani mwenye masikio. "Dokteri aliandikia mwenzake," akasema. "Mwenzake akajibu uso hauna ugonjwa. Haya, kama si ugonjwa, ametoa wapi uso ule, kama si kwenye kamba? Huyu mwanamuke aliharibu mutoto kwa macho yake, na akizaa tena ataharibu tena." Unaona jinsi kalamu yangu ilivyofika mbali? Ilimpa Koko ushahidi. Mama alikuwa amesimama karibu na pipa la maji, amekubeba mgongoni ingawa ulikuwa umekuwa mkubwa. Akanigeukia, akasema neno moja. "Sema." Nami nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi.

Kesho yake asubuhi Mama alifunga nguo zenu ndani ya kitenge, kurudi kwao Kirungu, kule milimani. Nilishika mkono wako hadi kwenye boti ya Moba. Uliuliza kama Kirungu kuna kuku. Nilisema nitakuja. Miaka minne imepita, nimetuma sukari, nimetuma chumvi na vitenge, mimi mwenyewe sijaja.

Nini kimeniamsha? Mama mmoja wa Nyunzu. Alishuka kwenye treni na filamu ya zamani ya binti yake aliyefariki, akataka foto kubwa ya kuweka ukutani. Nilifanya kazi nzuri, ya kunipa heshima. Binti alikuwa na alama ya moto shavuni, niliiondoa yote. Yule mama alifungua karatasi, akatazama, na uso wake ukakunjamana. "Umenipa mutoto wa nani?" akauliza. Nikaanza kumweleza kwamba nimemsafisha. "Nani alikutuma? Alama ile alipata akiniokotea sufuria. Mimi namtafuta mutoto wangu, wewe unamufuta! Rudisha alama yake." Akalia pale pale, mbele ya wateja. Iliwezekana kurudisha, kwa sababu kalamu ya risasi inafutika kwa pamba. Niliifuta palepale, mbele yake. Akaondoka naye, amemkumbatia, alama na vyote.

Nilifunga studio. Zile filamu zako tatu nilizokwangua kwa wembe hazikuweza kurudi, wembe haufutiki. Nikamwaga maboksi yote sakafuni mpaka nikapata ile ya nne, uliyoyumba ukicheka. Sikuwa nimeigusa, maana niliiona mbovu. Hapo ulikuwa wewe mzima. Nikaihamishia kwenye karatasi kama ilivyo, nikaandika barua kwa yule daktari kwenye anwani aliyoniachia, nikaungama kila kitu, kalamu na wembe, na nikampa mtu anayevuka kwenda Kigoma aiweke posta ya kule, kwa sababu ya hapa nayo mnajua wenyewe.

Amejibu. Nilingoja hadi nikakata tamaa, lakini amejibu, kurasa tatu. Hakunitukana, na hilo lilinichoma zaidi. Anasema: "Foto hii ndiyo niliyokuomba." Mwalimu wake ameitazama na hakuchukua muda. Moyo, uso na ngozi ni kitu kimoja, hata jina la ugonjwa huo kule limeunganisha hayo matatu. Ni adimu sana. Watoto wenye ugonjwa huo wako wachache duniani, wa rangi zote, na anasema ukiwakalisha pamoja utadhani ni ndugu. Feza, unao ndugu! Wanatapika maziwa wakiwa wadogo, wanachelewa kutembea na kusema, joto linawashinda, na wengi wao ni watu wa kucheka.

Na chanzo chake? Nimesoma sehemu hiyo mpaka karatasi imelegea. Anasema, kwa kadiri wanavyojua hadi leo, ni badiliko dogo linalotokea lenyewe pale mtoto anapoanza kuumbwa, kabla hajawa na moyo wala kichwa. Baba hakulileta. Mama hakulileta. Halitokani na chakula, halitokani na laana, na kitu ambacho mwanamke amekiangalia kwa macho hakiwezi kulifanya. Mama akizaa tena, hakuna sababu ya kuogopa zaidi ya wanawake wengine, au ni ndogo mno.

Nilikwenda kwa Koko na barua hiyo na foto mbili. Nilimsomea yote.

"Basi ni nani?" akauliza.

"Hakuna mtu, Mama."

"Hakuna mutu! Kitu kikubwa vile kinatokea bila mutu?"

"Kinatokea."

"Wanakudanganya."

Nikamwekea foto niliyoitengeneza. "Huyu ni nani?" Akasogeza kwenye mwanga, akasema hamjui. Nikaweka ile nyingine. "Eh! Feza," akasema, na akaigusa kwa kidole. Nikamwambia: yule wa kwanza pia ni Feza, nilimfanya mimi, na ndiye niliyempelekea daktari, na ndiyo maana daktari hakumjua. Akaziweka foto mbili pamoja, akazitazama kwa zamu. Halafu akasema: "Basi ni wewe uliwafukuza. Si mimi." Alisema hivyo ili ajitoe, namfahamu, lakini hakukosea. Papa wadogo zako walikuwepo, wakasikia.

Mama Feza, hapa usisome kwa sauti. Maneno yanayofuata ni yako.

Uliniambia "Sema," na imenichukua miaka minne. Mimi ndiye niliyekutuma kuanika filamu, na nilikuwa palepale mama yangu alipokulaumu kwa kazi hiyohiyo. Mimi ndiye niliyemwonyesha daktari uso wa uongo, kwa sababu niliona aibu kwa mtoto ambaye wewe ulimbeba mgongoni mbele ya watu wote. Sikuwa na aibu mahali nilipotakiwa kuwa nayo. Sasa ninayo, na ni haki yangu. Hukumletea Feza kitu chochote kibaya. Tumbo lako halina kosa, macho yako hayana kosa, watu wa kwenu hawana kosa. Kosa lililokuwepo ni langu.

Barua ya daktari iko humu ndani, nimeigeuza kwa Kiswahili neno kwa neno. Moyo wake usikilizwe kila mwaka. Akichoka kupita kawaida au midomo ikibadilika rangi, msingoje. Mafuta unayompaka, daktari anasema uendelee, ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Na baridi ya Kirungu inamfaa kuliko joto la huku. Hata katika kufukuzwa ulimpeleka mahali pazuri, na mimi sina cha kujisifia.

Walikusema mchana, uwanjani, mbele ya watu. Siwezi kukutoa lawama kwa siri ndani ya bahasha. Ziwa likitulia napanda boti, na nitasema haya yote mbele ya kaka zako na kila jirani atakayetaka kusikia, na wakiniuliza nitajibu mpaka wachoke. Kaka zako wakitaka kunipiga, wasikilize kwanza. Siombi kulala kwako, nitaomba nafasi misheni. Siombi unirudie. Ukiona nisije, niandikie tu "usije," na maneno hayahaya nitamtumia kaka yako mkubwa ayasome yeye mbele ya watu.

Sasa endelea kwa sauti, tafadhali.

Feza, Mama alinyamaza kidogo, sivyo? Yalikuwa maneno ya wakubwa. Kama sauti yake imebadilika, usimwulize sana. Mpe maji, ukae karibu naye. Na kama maneno haya yamekufikia, ni kwamba Mama amesoma mpaka mwisho na hakuichana karatasi. Mimi ningekuwa yeye, ningeichana.

Papa yako